Ustahimilivu Baada ya Ukatili: Mambo Yanayomsaidia Mwanamke Kuinuka

Mwanamke wa Sigino aliyefanyiwa ukatili, kisha akasimama tena, husifiwa kuwa ana moyo mgumu. Sifa hiyo ni njema, ila ustahimilivu hautokani na moyo peke yake. Hutegemea sana mtu wa kwanza aliyepewa habari. Aliyesikilizwa na kuaminiwa hupata nguvu ya kusema tena. Aliyeambiwa "vumilia, ndiyo ndoa" hunyamaza, na mara nyingi hurudi palepale alipoumizwa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, haimpi mwenzi yeyote haki ya kumpiga mwenzake.

Mali nayo ina uzito wake. Mwenye akiba katika kikundi cha kuweka na kukopa ana nauli ya kuondoka. Wengi hudhani kwamba asiye na mshahara hana chake katika mali ya ndoa, sivyo. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika kuipata mali hiyo.

Ukiumizwa, fika kituo cha polisi uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Fomu ya PF3 hutolewa bila malipo, nayo hujazwa na daktari. Aliyebakwa awahi hospitali kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Asiyemudu wakili aombe msaada wa kisheria, unaotolewa bure chini ya sheria ya 2017.