Shabiki wa kweli wa timu ya chuo ni nani?

Kila Jumamosi asubuhi katika msimu wa futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa helmeti na mpira wenye umbo la yai, runinga ya ESPN hupiga kambi katika chuo kikuu kimoja nchini Marekani na kurusha kipindi chake cha College GameDay moja kwa moja kutoka huko. Nyuma ya watangazaji husongamana maelfu ya wanafunzi, kila mmoja na bango lake. Ndani ya umati huo, iwe ni Texas, Alabama au Ohio, huonekana bendera moja ya rangi ya damu ya mzee yenye nembo ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington. Huonekana hata pale ambapo timu ya chuo hicho inacheza umbali wa maelfu ya kilomita, au haichezi kabisa.

Bendera hiyo ilipeperushwa huko kwa mara ya kwanza Oktoba 2003 mjini Austin, Texas, na mhitimu mmoja aliyeendesha gari kutoka jimbo la New Mexico akiwa na nia ya kuwashawishi watayarishaji wa kipindi wazuru chuo alichosomea. Hakutumwa na mtu wala hakulipwa. Wenzake walipoiona kwenye runinga waliamua isikosekane tena, wakaanza kupokezana zamu. Huyu anaamka usiku wa manane kuwahi nafasi, yule anapokea bendera kwa kifurushi juma linalofuata katika mji mwingine. Kufikia msimu wa 2024 ilikuwa imeonekana katika zaidi ya vipindi 300 mfululizo. Kipindi chenyewe kilifika katika mji wao wa Pullman Oktoba 20, 2018, miaka 15 baada ya ombi la kwanza.

Watu hao ni mfano mwema wa kuanzia kwa yeyote anayetaka kujibu swali ambalo Wamarekani hulibishania katika mabaa, makazini na hata katika meza za chakula cha jioni: ni nini hasa kinachomfanya mtu astahili kuitwa shabiki wa kweli wa timu ya chuo?

Kwa Mkenya swali hilo huenda likaonekana geni. Humu nchini viwanja hujaa kwa sababu ya Gor Mahia na AFC Leopards, na ukiondoa raga, ambako Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi na Blak Blad ya Chuo Kikuu cha Kenyatta zina wafuasi wao, ni nadra mtu asiyekuwa mwanafunzi kujali matokeo ya timu ya chuo. Marekani mambo ni kinyume. Kule michezo ya vyuo ilitangulia ligi za kulipwa kwa miaka mingi. Harvard na Yale zilishindana kwa kupiga makasia mnamo 1852. Rutgers iliishinda Princeton 6-4 Novemba 6, 1869, katika mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya futiboli baina ya vyuo. Ligi kuu ya kulipwa, NFL, ilizaliwa 1920. Kufikia wakati huo wazee walikuwa wamekwisha kuwarithisha wana na wajukuu rangi za timu zao.

Isitoshe, vyuo vingi vya umma vilijengwa katika miji midogo na mashambani, mahali ambapo klabu ya kulipwa haijawahi kukanyaga. Jimbo la Nebraska halina timu ya NFL hata moja. Tiketi za futiboli katika uwanja wa chuo chake kikuu mjini Lincoln zimekuwa zikiisha katika kila mechi ya nyumbani tangu 1962. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan mjini Ann Arbor una viti zaidi ya 107,000, na mnamo 2013 watu 115,109 walibanana humo kutazama mechi dhidi ya Notre Dame.

Umati huo hauwezi kuwa wa wanafunzi na wahitimu peke yao. Wamo mafundi wa magari, wakulima wa mahindi, wauguzi na wastaafu ambao hawakuwahi kuketi katika ukumbi wa mihadhara wa chuo wanachokishangilia. Hapa ndipo ubishi huanzia. Baadhi ya wahitimu huwadharau hao kwa kuwaita mashabiki wa fulana, wakimaanisha kwamba uhusiano wao na chuo huanzia na kuishia kwenye nguo waliyonunua dukani. Hoja hiyo ni dhaifu. Mwenyeji wa mji hulipa ushuru unaosaidia kukiendesha chuo cha umma, watoto wake husomea hapo, na jina la timu ndilo jina la jimbo lake. Shahada ni ushahidi wa masomo, si wa mapenzi. Wapo wahitimu wengi ambao hawajui hata jina la kocha.

Ada na desturi nazo zina uzito wake, ingawa zinaweza kumhadaa mtazamaji. Katika Chuo Kikuu cha Texas A&M wanafunzi husimama wima tangu mechi ianze hadi iishe. Desturi hiyo inatokana na kisa cha Januari 1922, ambapo wachezaji wa chuo hicho waliumia mmoja baada ya mwingine hadi kocha akamwita mwanafunzi E. King Gill kutoka miongoni mwa watazamaji, akavaa jezi na kusimama kando ya uwanja tayari kuingia. Hakuhitajika, lakini wanafunzi wa leo husimama kuonyesha kwamba nao wako tayari. Katika Chuo Kikuu cha Duke, ambako mchezo unaopendwa ni mpira wa vikapu na ukumbi wa Cameron una nafasi 9,314 tu, wanafunzi hulala katika mahema kwa majuma kadhaa wakati wa baridi kali ili wapate nafasi ya kutazama mechi dhidi ya North Carolina. Kuna kanuni rasmi za kambi hiyo, na hema likikutwa tupu wakati wa ukaguzi wenyewe huweza kupoteza nafasi yao. Hata hivyo, Duke ni timu iliyozoea mataji. Kulala kwenye baridi kwa ajili ya timu inayoshinda ni jambo la kusifiwa, lakini halina uchungu mwingi.

Turejee Pullman, ambako uchungu ni wa kutosha.

Mji huo una wakazi wapatao 33,000, na umezungukwa na vilima vya mashamba ya ngano mashariki mwa jimbo la Washington. Uwanja wa chuo ungeweza kuwachukua karibu wakazi wote kwa pamoja. Timu yake huitwa Cougars, yaani wale simba wa milimani wa Amerika, nayo imezoea kupoteza mechi iliyokuwa mikononi mwake dakika za mwisho, kiasi kwamba mashabiki wenyewe wamebuni kitenzi kutokana na jina hilo kueleza balaa hiyo. Katika zaidi ya karne moja imecheza fainali ya heshima ya Rose Bowl mara nne tu: ilishinda 1916, ikashindwa 1931, 1998 na 2003. Anayechagua timu kwa kuhesabu vikombe hawezi kuichagua hii.

Wapenzi wa riadha wa Kenya wanalo deni na mji huo. Mnamo 1976 alifika huko kijana kutoka Nandi, Henry Rono, kwa ufadhili wa masomo chini ya kocha John Chaplin. Mwenzake wa chuo hicho hicho, Samson Kimobwa, alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka wa 1977. Mwaka uliofuata Rono aliishangaza dunia: katika siku 81, kuanzia Aprili 8 hadi Juni 27, 1978, alivunja rekodi nne za dunia, za mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Alitwaa taji la mbio za nyika za vyuo vya Marekani mara tatu akivalia jezi ya Pullman. Michezo ya Olimpiki hakuionja, kwani Kenya iligomea ile ya 1976 na ya 1980. Alifariki Februari 15, 2024.

Wakati huo makocha wa vyuo vingine walilalamika kwamba wanariadha wa Kiafrika walikuwa na umri mkubwa na uzoefu kupita vijana wa Kimarekani. Malalamiko hayo yanafunua jambo ambalo mabishano ya ushabiki hulisahau. Mchezaji wa chuo ni mpita njia. Hukaa miaka minne au mitano, kisha huenda zake. Anayebaki ni shabiki.

Kubaki huko kumewahi kupimwa kwa njia ya kutisha zaidi ya kushindwa. Usiku wa Novemba 14, 1970, ndege iliyokuwa ikiirejesha timu ya Chuo Kikuu cha Marshall nyumbani Huntington, West Virginia, ilianguka na kuua watu wote 75 waliokuwemo. Hawakuwa wachezaji na makocha pekee. Zaidi ya 20 walikuwa mashabiki wa mji huo, wakiwemo madaktari na wafanyabiashara walioisindikiza timu ugenini. Wapo waliotaka futiboli ikomeshwe chuoni hapo. Timu ilifufuliwa, na katika mechi yake ya kwanza ya nyumbani mwaka wa 1971 iliishinda Xavier 15-13. Kila Novemba 14 chemchemi ya ukumbusho chuoni huzimwa, na umati hukusanyika kusikiliza majina yakisomwa. Wengi wanaohudhuria siku hizi hawakuwa wamezaliwa mkasa ulipotokea.

Mapenzi hayo yana mpaka wake, na upande wa pili wa mpaka ni wazimu. Baada ya Auburn kuifunga Alabama mwaka wa 2010, shabiki mmoja wa Alabama aliitia sumu miti miwili ya kale ya mialoni ambako mashabiki wa Auburn husherehekea ushindi, kisha akajigamba kwa kupiga simu redioni. Miti ilikatwa 2013, naye akakiri kosa na kufungwa. Mtu huyo alijiona shabiki sugu, ila ukweli ni kwamba alikuwa na chuki nyingi kwa jirani kuliko mapenzi kwa timu yake, na vitu hivyo viwili visichanganywe.

Jaribio kubwa la zama hizi, hata hivyo, ni pesa. Kwa miongo mingi wachezaji wa vyuo walikatazwa kulipwa zaidi ya gharama za masomo, huku vyuo na makocha wakivuna mamilioni. Tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kuuza majina na picha zao kwa matangazo, na kufuatia suluhu iliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025, vyuo vinaweza kuwagawia mapato moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Kanuni za uhamisho nazo zimelegezwa. Ni haki iliyochelewa, na mchezaji hana sababu ya kuomba radhi. Lakini gharama yake kwa vyuo vidogo ni kubwa. Cam Ward, mrusha mpira mkuu wa Pullman, alihamia Miami baada ya msimu wa 2023, na mnamo 2025 akawa mchezaji wa kwanza kuchaguliwa na klabu za NFL. Aliyemrithi, John Mateer, alienda Oklahoma baada ya msimu mmoja tu. Kocha Jake Dickert naye akahamia Wake Forest Desemba 2024.

Kabla ya hapo pigo lilikuwa limetoka kwa majirani. Ligi ya Pac-12, ambayo chuo hicho kilikuwa mwanachama wake kwa miongo mingi, ilisambaratika 2023 wanachama walipofuata mikataba minono ya runinga kwingineko. Walioondoka ni pamoja na Chuo Kikuu cha Washington cha Seattle, hasimu wa Pullman tangu 1900. Kati ya vyuo 12 vilisalia viwili, Jimbo la Washington na Jimbo la Oregon, vikalazimika kwenda mahakamani kupigania usimamizi wa mali ya ligi iliyobaki ganda. Ligi hiyo ilipangiwa kuanza upya katikati ya 2026 ikiwa na wanachama wapya.

Hapo ndipo shabiki aliyefuata umaarufu angejiondokea. Waliopokezana ile bendera waliendelea kuipeleka kila Jumamosi. Septemba 14, 2024, Pullman na Seattle zilipokutana zikiwa katika ligi tofauti, Pullman ilishinda 24-19 baada ya kuwazuia wapinzani hatua chache kutoka mstari wa mwisho. Ushindi huo haukuwarudisha kwenye ligi kubwa wala haukuongeza senti katika mkataba wa runinga. Ulishangiliwa vivyo hivyo.

Baadhi ya mambo hayaokolewi na kelele za mashabiki. Juni 2025 chuo kilitangaza kwamba kwa sababu ya uhaba wa fedha kingefuta michezo ya kurusha na kuruka katika timu yake ya riadha, kupunguza mbio fupi, na kuelekeza nguvu katika mbio za masafa marefu, zile zile ambazo Kimobwa na Rono walizikimbia huko.