Samaki wenye deraya hawakufa bila mzao

Ukoo ukitawanywa na vita, majirani huwahi kusema: "Wale wamekwisha." Sisi tuliosomea kambini Kigoma kisha tukarudi tunalijua neno hilo. Wataalamu nao walilisema kwa miaka mingi juu ya samaki wa kale waitwao plakodemi.

Kichwa na kifua cha samaki hao vilifunikwa na mabamba ya mifupa, mithili ya deraya ya askari. Mashuhuri wao, Dunkleosteus, aliyepatikana zaidi karibu na Cleveland, Marekani, hakuwa na meno kama yetu: makali ya mfupa wa taya ndiyo yaliyokata nyama. Zamani alikadiriwa kufikia mita 8 au zaidi. Hesabu za mwaka 2023 zimempunguza hadi kama mita 4. Wauza samaki hawatashangaa, maana samaki asiyepimwa huwa mrefu siku zote.

Plakodemi walitoweka takriban miaka milioni 359 iliyopita. Ikadhaniwa kuwa ni tawi lililokauka, na kwamba babu wa samaki wote wenye taya alifanana na papa, ambaye mwili wake umejengwa kwa gegedu, kama ile ya sikio.

Mwaka 2013 Zhu Min na wenzake walitangaza samaki aliyechimbuliwa Yunnan, kusini mwa China, mwenye umri wa takriban miaka milioni 420. Walimwita Entelognathus. Deraya yake ni ya plakodemi, lakini mataya yake ni ya samaki wa mifupa. Mwaka 2016 akafuata Qilinyu, kutoka eneo hilohilo, mwenye mifupa ya taya ya namna hiyo.

Ndugu msomaji, ukinunua sangala sokoni, usitupe kichwa. Kichemshe, kisha utazame: taya la juu lina mifupa miwili kila upande, na la chini lina mfupa mkubwa unaobeba meno. Mifupa hiyo mitatu anayo Entelognathus. Sasa jishike kidevu, nawe unayo.

Wanafunzi huniuliza: na papa je? Yaelekea yeye ndiye aliyeivua deraya ya mababu, wala si mfano wa babu mwenyewe.

Wapo wataalamu wanaoshikilia kuwa plakodemi wote ni ukoo mmoja uliojitenga. Mimi naona mifupa mitatu kujipanga vilevile mara mbili, kwa bahati tu, ni jambo gumu kuaminika.