Frijigadi Haizuii Radi

Swali limenifikia tena, safari hii kutoka Litein. Kijana anajiundia kompyuta ya gemu. Prosesa, ubaomama na kadi ya grafiki anavyo, bado pawa saplai, memori, diski na kasha. Anauliza: nikichomeka frijigadi ukutani kuzuia radi, si naweza kununua pawa saplai ya bei ya chini? Hapana. Nanyi wa Sotik na Kapkatet mlioniuliza hayo hayo, jibu ni hilo hilo.

Frijigadi ni ya friji. Ndani mna swichi inayochunga stima yetu ya volti 240. Stima ikishuka mno au kupanda mno, swichi inakata, kisha inangoja dakika kadhaa ili mgandamizo wa gesi kwenye kompresa utulie. Kompyuta ina kompresa gani? Radi hufika kileleni kwa mikrosekunde chache tu, na swichi ya namna hiyo huchukua milisekunde kadhaa kufunguka. Inapokata, madhara yameshatendeka. Na hata ingewahi, pengo la milimita chache ndani ya kiboksi cha plastiki litazuiaje kitu kilichopasua kilomita nzima za hewa? Wauzaji hunionyesha maandishi ya kinga kwenye boksi. Ni kweli, baadhi ya frijigadi zina kijenzi cha kumeza mishtuko midogo, lakini ziada ya radi inahitaji waya wa athi wa kuipeleka ardhini, na soketi nyingi ninazofungua huku zina tundu la athi lisilo na waya nyuma yake.

Na huku hatuzungumzii radi ya mara moja kwa mwaka. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hukutana na ule wa mashariki juu ya mashamba yetu ya chai, na alasiri mbingu hupasuka. Kericho ni miongoni mwa mahali duniani panapopigwa mara nyingi zaidi na mvua ya mawe, ile inayoshuka kutoka mawingu ya radi. Kinga ya uhakika ni ya bure: chomoa plagi kabla ngurumo hazijakaribia, pamoja na waya wa intaneti unaotoka nje. Zikishafika, usiguse waya wowote.

Sasa vifaa. Kwenye lebo ya pawa saplai tafuta mstari wa volti 12, zidisha ampea zake kwa 12. Ampea 20 ni wati 240, hata boksi likijigamba 700. Prosesa kama Ryzen 5 5600 ni wati 65, kadi kama RTX 3060 ni 170, na matumizi ya kadi huruka juu ghafla: chukua wati 550 za kweli, ampea 40 au zaidi, za mtengenezaji anayejulikana. Memori, vipande viwili vya GB 8, si kimoja cha 16. Diski, SSD ya NVMe. Kasha, lenye matundu mbele na feni mbili. Mfumo wa kupoza kwa maji wa nini kwenye baridi hii? Ukinunua UPS, soma wati, si VA. Fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, apime athi ya nyumba. Pesa zikipungua, acha taa za rangi, acha kasha la kioo. Pawa saplai usiipunguze.