Mvinyo wa Pwani ya Ureno Huuzwa na Samaki

Kwa unywaji wa mvinyo, Ureno haina mpinzani duniani. Takwimu za Shirika la Kimataifa la Mizabibu na Mvinyo zinaonyesha kuwa mtu mzima huko hunywa wastani wa zaidi ya lita 50 kwa mwaka, na mauzo ya nje huingiza zaidi ya euro milioni 900. Pamoja na hayo, mwaka 2024 serikali ya Lisbon ililazimika kubisha hodi Brussels, na Tume ya Ulaya ikaidhinisha euro milioni 15 ili mvinyo mwekundu uliokosa wanunuzi ugeuzwe kuwa spiriti. Ulaya inakunywa kidogo kuliko zamani, na kinachodorora zaidi ni mvinyo mwekundu mzito.

Ukingoni mwa Atlantiki hesabu ni nyingine. Mashamba ni madogo, upepo wa chumvi hupunguza mavuno, na zabibu huiva kwa kuchelewa. Mkulima wa huko hawezi kumshinda mwenzake wa bara kwa wingi wala kwa urahisi wa bei. Alichonacho ni mvinyo mwepesi, mchachu, wenye chumvichumvi kwa mbali, na jirani yake ni mvuvi. Biashara yake nzima imesimama juu ya sahani ya samaki.

Kilimo cha mchangani

Mfano unaoeleweka haraka ni Colares, chini ya kilomita 50 magharibi ya Lisbon, kati ya milima ya Sintra na bahari. Karne ya 19 kidudu cha filoksera kiliingia Ulaya kutoka Amerika Kaskazini na kuteketeza mizabibu kwa kula mizizi yake. Dawa iliyopatikana ni kupandikiza mizabibu ya Ulaya juu ya mashina ya Kimarekani, na hivyo ndivyo ilivyo karibu kila mahali hadi leo. Colares haikuhitaji dawa hiyo, kwa kuwa kidudu hicho hakiwezi kupenya mchanga. Wakati wengine wakifilisika, mvinyo wa Colares ulipanda chati, na mwaka 1908 sheria ikaweka mipaka ya eneo lake.

Usalama huo una gharama. Mchanga haumlishi mzabibu. Chakula kiko kwenye udongo wa mfinyanzi uliolala mita kadhaa chini. Wapandaji walichimba mitaro mirefu mpaka wakaufikia udongo huo, wakachomeka kijiti cha mzabibu, kisha wakaurudisha mchanga kidogo kidogo kadiri mmea ulivyorefuka. Mchimbaji alishuka mtaroni akiwa amevaa kikapu kichwani, ili mchanga ukimporomokea abaki na hewa ya kuvuta hadi wenzake wamfukue. Juu ya ardhi mizabibu hutambaa chini kama miche ya viazi vitamu, imekingwa upepo kwa nyua za matete, na vichala vinapokaribia kuiva huinuliwa kwa vijiti ili visiungue kwenye mchanga wa moto. Trekta halina kazi humo. Kila kitu ni mikono, na mikono Ulaya ni ghali.

Zabibu nyekundu ya huko ni Ramisco, yenye ukakasi mkali ujanani. Sheria inautaka mvinyo wake ukae kwenye mapipa ya mbao miezi 18 na kwenye chupa miezi 6 kabla ya kuuzwa, na watengenezaji wengi huuweka zaidi ya hapo. Maana yake kwa mhasibu ni kwamba fedha iliyotumika shambani leo itarudi baada ya miaka kadhaa. Nyeupe ni Malvasia ya Colares, ambayo huwahi kidogo kuingia sokoni. Ushirika wa wakulima, Adega Regional de Colares, ulioanzishwa mwaka 1931 na kuhesabiwa kuwa mkongwe kuliko yote nchini, huuza sehemu kubwa ya mvinyo wake kwenye chupa za nusu lita badala ya zile za mililita 750 zilizozoeleka. Mzigo ukiwa haba, chupa ndogo huufikisha kwa wateja wengi zaidi.

Mwekezaji mzee

Karibu na Cabo da Roca, ncha ya magharibi kabisa ya bara la Ulaya, kuna shamba la Casal Sta. Maria. Mwenyewe, Baron Bodo von Bruemmer, alizaliwa mwaka 1911, akalinunua miaka ya 1960, na kwa muda mrefu akafuga hapo farasi wa Kiarabu. Mizabibu alianza kuipanda mwaka 2006, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90. Alifariki mwaka 2016, akiwa ameshaziona chupa zake mezani, na shamba likabaki mikononi mwa familia.

Kibiashara, hatua yake haikuwa ya kubahatisha. Ukungu unaoshuka kutoka milima ya Sintra na upepo wa bahari huyafanya majira ya joto ya pale kuwa ya baridi kuliko sehemu kubwa ya Ureno. Zabibu za nchi za baridi kama Sauvignon Blanc na Pinot Noir hustahimili humo bila kupoteza uchachu, bega kwa bega na Arinto na Malvasia za kienyeji. Kadiri joto linavyozidi kuyabana mashamba ya bara, ndivyo ubaridi wa pwani unavyogeuka mtaji. Kusini zaidi, kampuni ya Cortes de Cima, yenye makao katika Alentejo ya ndani, ilipanda mizabibu mingine karibu na Vila Nova de Milfontes, kilomita chache kutoka baharini, kwa sababu hiyo hiyo.

Kinachokwenda na nini

Hapa ndipo mauzo yanapofanyika. Mvinyo mweupe wa pwani hufanya kazi ya ndimu mdomoni: uchachu wake hukata mafuta, na kila tonge huonjeka kana kwamba ndilo la kwanza. Juni, katika sikukuu ya Santo António, mitaa ya Lisbon hujaa moshi wa sadini wa kuchoma. Sadini ni samaki wa mafuta mengi, ngozi yake huungua na kuchuruzika juu ya kipande cha mkate kilichowekwa chini yake, na Arinto ya baridi ndiyo inayomfaa.

Kome wanaopikwa kwa mtindo uitwao Bulhão Pato ni mtihani mwingine. Hufunguka kwenye sufuria yenye mafuta ya zeituni, kitunguu saumu na kotmiri, kisha hukamuliwa limau. Mchuzi wake una chumvi ya bahari kiasi kwamba mvinyo mtamu ungepwaya. Malvasia ya Colares, kavu na yenye harufu ya maji ya bahari, haipotei mbele yake. Pweza aliyeokwa na viazi na mafuta mengi ya zeituni anataka mweupe mzito kidogo, uliokaa kwenye pipa.

Mwekundu una masharti. Chuma kidogo kilichomo ndani yake kikikutana na mafuta ya samaki huacha shombo mdomoni, ndiyo maana wahudumu wa migahawa humkatiza mteja anayeagiza mwekundu mzito kwa sadini. Lakini Ramisco iliyozeeka, ambayo ukakasi wake umetulia na kilevi chake si kikubwa, huenda na bacalhau, ng'onda anayepikwa Ureno kwa mapishi yasiyohesabika. Samaki huyo wa maji baridi huletwa kwa wingi kutoka Norwei. Akichambuliwa na kukaangwa na vitunguu, viazi vyembamba na mayai, huubeba mwekundu huo bila taabu. Wali wa bata na mbuzi mchanga wa kuoka ni wenzi wake wengine.

Setúbal: samaki mchana, tamu usiku

Ng'ambo ya mto Tagus, rasi ya Setúbal imejenga biashara kubwa zaidi kwa kanuni hiyo hiyo. José Maria da Fonseca, kampuni iliyoanzishwa Azeitão mwaka 1834, huuza mvinyo wa kila siku, lakini sifa ya eneo ni Moscatel de Setúbal. Uchachukaji hukatizwa kwa kuongeza spiriti ili sukari ibaki, kisha maganda ya zabibu huachwa humo kwa miezi yakitoa harufu ya maua na ganda la chungwa.

Zamani mapipa ya Moscatel yalipakiwa melini kwenda kuuzwa makoloni. Yaliyokosa mnunuzi yalirudi baada ya kuvuka Ikweta mara mbili, na yakaonekana kuwa bora kuliko yalivyoondoka. Kampuni hiyo imelirudia jaribio hilo kwa kupakia mapipa kwenye Sagres, meli ya matanga inayotumiwa na Jeshi la Wanamaji kwa mafunzo. Matangazo ya namna hiyo hayanunuliki kirahisi.

Mteja wa Setúbal huanza na ngisi wa kukaanga na mvinyo mweupe, akamaliza na jibini ya Azeitão, ya maziwa ya kondoo yaliyogandishwa kwa ua la mbaruti, na glasi ndogo ya Moscatel. Mlo mmoja umeuza chupa mbili, na fedha za mvuvi, mfugaji na mwenye mizabibu zimebaki wilaya moja.

Hesabu na mshindani

Kodi inasaidia. Ureno haitozi ushuru wa bidhaa kwa mvinyo wa kawaida. VAT dukani ni asilimia 13, ingawa mgahawani hupanda hadi 23. Ndiyo maana wenye mashamba hupenda mteja aje mwenyewe. Sintra imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1995, na mtalii aliyetoka kuona makasri akipelekwa shambani, akaonja na kuondoka na chupa, mzalishaji hamgawii msambazaji wala mgahawa faida yake. Nje ya nchi hali ni tete zaidi: mwaka 2025 Marekani, mmoja wa wanunuzi wakubwa, ilipandisha ushuru wa bidhaa za Ulaya hadi asilimia 15.

Hata hivyo mshindani mkubwa wa mvinyo wa pwani ni mjenzi wa nyumba. Carcavelos, mashariki kidogo ya Cascais, iliwekewa mipaka mwaka huo huo wa 1908 kwa mvinyo wake mtamu. Reli na nyumba za wenye uwezo ziliyameza mashamba yake, na leo mvinyo huo uko hai kwa sehemu kubwa kwa kuwa halmashauri ya Oeiras imeamua kuuzalisha yenyewe. Colares nayo, iliyokuwa na zaidi ya hekta elfu moja, imebaki na sehemu ndogo tu ya mizabibu yake ya mchangani, japo hifadhi ya Sintra-Cascais huzuia ujenzi katika baadhi ya maeneo.

Kwa hiyo anayeipima biashara hii asitazame idadi ya chupa, maana haitaongezeka sana. Aangalie bei ya chupa moja na bei ya ekari moja inayotazama bahari. Zikipanda sawia, wajukuu watapanda tena mizabibu. Ya ekari ikiendelea kutangulia, sadini watabaki, na Arinto yao italetwa kutoka bara.