Mashua nyingi angani: vyombo vidogo vyachunguza ngao ya dunia

Pale Kondele, kijana wa bodaboda siku hizi haulizi njia. Hupachika simu kwenye usukani, akafuata mshale, na abiria akafikishwa hadi mlangoni. Mshale huo unategemea setilaiti zilizo kilomita 20,000 hivi juu yetu. Ni wachache wanaofikiri juu ya kitu kinachoweza kuutikisa, nacho ni jua.

Jua, msomaji mpenzi, halituletei mwanga na joto tu. Hupuliza pia upepo wa chembechembe zenye umeme, kwa kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde. Upepo huo ungetupiga moja kwa moja lau si nguvu ya sumaku itokayo ndani ya dunia, ile ile inayoelekeza sindano ya dira. Nguvu hiyo imetuzungushia ngao. Upande wa mchana, ngao hufika kilomita 60,000 hivi kutoka duniani. Upande wa usiku huvutwa ikawa mkia mrefu unaoupita hata mwezi.

Jua likichafuka, ngao hutikisika, na hiyo ndiyo tufani ya sumaku. Machi 1989 tufani ya namna hiyo ilizima umeme katika jimbo la Quebec nchini Kanada, na watu milioni 6 wakakaa gizani kwa saa 9 hivi. Mei 2024 wakulima wa Marekani walisimamisha matrekta katikati ya msimu wa kupanda, kwa kuwa vifaa vya setilaiti vinavyoyaongoza vilikuwa vikikosea.

Mashua moja haitoshi

Ugumu wa kuichunguza ngao hii mvuvi wa omena wa ufuo wa Dunga angeuelewa upesi. Akiwa peke yake ziwani usiku, taa yake ikayumba ghafla, atajuaje kama upepo umeanza ziwa zima au ni yeye aliyeingia penye upepo? Mashua zikiwa nyingi, zimetawanyika, ataona taa iliyoyumba kwanza na iliyofuata, na hapo atajua upepo unatoka wapi na una kasi gani.

Setilaiti moja ina shida hiyo hiyo. Hupita mahali, ikapima, ikaondoka. Kipimo kikibadilika, haijulikani kama kilichobadilika ni hali ya ngao au ni mahali tu.

Kenya ina sehemu yake katika habari hii, ingawa wengi wameisahau. Tarehe 15 Novemba 1971 roketi aina ya Scout iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililokuwa baharini karibu na Malindi. Ilibeba chombo cha Wamarekani, Explorer 45, chenye uzito wa kilo 52 hivi, yaani karibu sawa na mfuko mmoja wa simenti. Kilitumwa kuchunguza mkondo wa umeme unaoizunguka dunia juu ya ikweta wakati wa tufani. Malindi ilifaa kwa sababu chombo cha kuzunguka juu ya ikweta ni rahisi kukirusha ukiwa karibu na ikweta. Kilifanya kazi hadi 1974, lakini kilikuwa mashua moja.

Kurusha kwa makundi kulikuja baadaye, tena kwa maumivu. Vyombo vinne vya Ulaya, Cluster, viliteketea Juni 1996 roketi yao ilipolipuka. Vingine vinne vikarushwa mwaka 2000. Kila kimoja kilizidi tani moja. Mwaka 2006 Wamarekani walijaribu vitatu vya kilo 25 kila kimoja, na 2007 wakarusha vitano vya mradi wa THEMIS. Hivyo vitano vilijipanga mkiani mwa ngao, na Februari 2008 vikaona jambo lililobishaniwa kwa miaka 30: nguvu ilifyatuka kwanza mkiani, karibu thuluthi moja ya njia ya kwenda mwezini, na mianga ya kaskazini ikang'aa dakika moja na nusu baadaye. Chombo kimoja kisingejua kilichotangulia.

Na sisi je?

Mianga hiyo hatuioni huku, lakini ikweta ina vituko vyake. Jua likitua, hewa ya juu yenye umeme hufanya kama viputo, na mawimbi ya setilaiti yakipita humo hutetemeka. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Maseno, kilicho mwendo mfupi tu kutoka Kisumu, wamepima mtetemeko huo kwa vipokezi vya ardhini. Vipimo vya kutoka juu vingewafaa sana.

Tena uwezo upo. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiliwa angani Mei 2018. Ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Taifa-1 ikafuata Aprili 2023. Zote mbili zilibeba kamera, na hilo si baya, lakini kwa maoni yangu zinazofuata zibebe vipima sumaku, na zirushwe kadhaa kwa pamoja.

Mtoto akikuuliza ngao yenyewe iko wapi, sugua sindano ya kushonea kwa sumaku ya spika mbovu, upande mmoja tu, mara 30 hivi. Ilaze juu ya kipande cha karatasi kinachoelea katika bakuli la maji, mbali na vyuma. Itageuka polepole, kisha itulie ikielekea kaskazini na kusini.