Waongoza wageni watatu, ziara moja
Uko Katelembo, na biashara yako ya kupeleka wageni Kyamwilu, pale maji yanapoonekana kupanda mlima, imekua. Sasa una waongozaji watatu. Mmoja anasema ni maajabu. Mwingine anaeleza kwamba macho hudanganywa na mteremko wa ardhi inayozunguka. Wageni wakilinganisha, jina linaloharibika ni lako.

Wafunze pale pale barabarani: mgeni kazini aandamane na mzoefu, kisha aongoze wewe ukisikiliza nyuma. Hadithi za wazee azisimulie, ila kama hadithi.

Na malipo? Hapo wengi huteleza. Bei moja, till moja ya biashara, si simu ya mwongozaji. Mteja atajiwe jina la till mapema, alihakikishe kabla ya kukamilisha malipo. Bakshishi itumwe kwa simu ya mwongozaji. Hiyo ni yake.