Kagera: Miche ya vyuo vikuu yatafuta wauzaji

Mfanyabiashara anayenunua ndizi katika vibanja vya Muleba na kuzipakia Kemondo kwenda Mwanza haulizi mche ulitoka maabara gani. Anapima uzito wa mkungu, anaangalia urefu wa kidole, na anakumbuka kama mama lishe wa Mwanza alilalamika safari iliyopita. Hata hivyo, sehemu ya ndizi za Bukoba na Muleba ina asili katika chupa za chuo kikuu, na habari zake zinawahusu wote wenye mtaji mdogo wanaotafuta mahali pa kuuweka.

Kati ya mwaka 1997 na 2002, Mpango wa Maendeleo ya Jamii Kagera, maarufu kama KCDP, uliingiza miche takriban 70,000 kutoka Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven, Ubelgiji, penye hazina kubwa kuliko zote duniani ya aina za migomba. Miongoni mwake zilikuwamo FHIA-17 na FHIA-23 zilizozalishwa Honduras, na Yangambi Km5 ya Kongo. Miche hiyo ilipandwa katika mashamba mama, machipukizi yakang'olewa na kusambazwa vijijini. Hadi mpango unafikia mwisho, machipukizi yapatayo milioni 2.5 yalikuwa yamewafikia wakulima. Kwa hesabu ya haraka, kila mche wa maabara ulizaa machipukizi zaidi ya 35. Hakuna bidhaa nyingi dukani zinazozaa kiasi hicho.

Kwa mkulima hiyo ni neema. Kwa muuzaji ni tatizo. Mgomba ukishatoa machipukizi, jirani anapewa bure, na mteja wa mwaka huu harudi mwakani. KCDP haukulazimika kujali jambo hilo kwa kuwa fedha zake zilitoka Serikali ya Ubelgiji. Ulipokwisha, uliacha migomba mingi bila kuacha biashara kubwa ya miche iliyoweza kuagiza awamu ya pili kwa fedha zake.

Ladha ina bei

Tatizo jingine lilijitokeza jikoni. Aina hizo ngeni zilitoa mikungu mikubwa na zilistahimili vizuri zaidi wadudu na magonjwa yaliyokuwa yamedhoofisha vibanja, lakini kwa chakula wengi waliona hazifikii Nshakara au Enyoya. Wakulima wakazipanda pembeni, kwa ndizi mbivu na pombe, huku kitoke cha familia kikiendelea kutoka kwenye migomba ya asili. Watafiti walichukua miaka mingi kulijibu hilo. Mwaka 2021 Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, ambayo kituo chake cha Maruku kipo nje kidogo ya mji wa Bukoba, iliidhinishiwa aina nne, TARIBAN 1 hadi 4. Aina hizo zimetokana na kazi ya pamoja ya IITA na watafiti wa Uganda, waliochanganya migomba ya kupika ya Afrika Mashariki na mgomba pori ili kupata ukinzani dhidi ya sigatoka nyeusi bila kupoteza kitoke.

Muuzaji wa miche awe mwangalifu na ahadi anazotoa hapa. Sigatoka ni ugonjwa wa majani. Ugonjwa uliowatia hasara kubwa wakulima wa Muleba ni mnyauko bakteria, ulioonekana wilayani humo mwaka 2006, na aina hizi hazijazalishwa kuwa kinga yake. Mnyauko huenezwa na panga lisilosafishwa, na wadudu wanaotembelea ua dume, na chipukizi lililong'olewa katika shamba lenye ugonjwa. Hilo la mwisho ndilo linaloupa mche safi thamani ya fedha.

Simu yapiga picha, nani alipe?

Vijana wa vyuo wamevutiwa zaidi na simu. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha ilikusanya zaidi ya picha 16,000 za migomba ya Tanzania ili kuifundisha kompyuta kutambua sigatoka nyeusi na mnyauko fuzari. Kazi ni nzuri, ingawa mnyauko bakteria wa Kagera haumo katika mkusanyiko huo. Programu ya Tumaini iliyotolewa mwaka 2019 na watafiti wa kimataifa inautambua. Lakini mkulima mwenye migomba 200 ni vigumu alipie kuambiwa kwamba mgomba wake unaumwa. Anaweza kumlipa mtu anayekuja na mche uliokaguliwa.

Taasisi hiyo hiyo ya Arusha imetoa mfano unaofaa kuigwa. Dk. Askwar Hilonga, aliyeshinda paundi 25,000 za tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio lake la maji, alitambua kwamba chujio ni ghali kwa familia nyingi. Akaweka machujio kwenye vituo vinavyoendeshwa na wafanyabiashara wadogo, na wananchi wakanunua maji safi.

Kwa Kagera, swali ni nani atafungua kituo cha namna hiyo cha migomba. Mashindano ya ubunifu ya MAKISATU yapo tangu 2019, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimepangiwa kampasi Itahwa, Bukoba Vijijini, kupitia mradi wa HEET. Wabunifu wataongezeka. Anayekosekana ni mwenye kitalu kilichosajiliwa na TOSCI, mwenye shamba mama lililo mbali na vibanja vyenye ugonjwa, anayeweza kubeba hasara ya miche itakayokauka kabla ya kuuzwa. Programu ya simu ingemfaa yeye kwanza, kwa ukaguzi wake mwenyewe.

Mtaji wake hauwezi kurudi kwa kuuza mche peke yake. Wanaofanya hesabu vizuri watauza mche kwa bei ya chini na kufunga mkataba wa kununua mikungu, ili faida ipatikane kwenye gati la Kemondo. Katika mkataba huo iandikwe mapema nani atalipa mche ukifa kabla ya mvua za kwanza kwisha, kwa kuwa mche wa maabara huwa laini na hauvumilii kiangazi.